Kiatu cha Mbio Juu ya Makoro

Geuza chini juu kiatu kilichokimbia wiki sita katika mitaa ya Goma. Raba ya mbele, chini ya kidole gumba, imelika kama iliyopigwa tupa. Pembeni mwa sponji kuna mikato midogo, mingine ya urefu wa ukucha, na kila mkato umeshika vumbi ndani. Chomoa semele ya ndani, kung'uta kiatu juu ya sakafu, na mchanga mweusi utamwagika kama pilipili manga iliyosagwa. Hiyo ni kazi ya makoro, mawe ya lava.

Mji wetu umekaa juu ya mto wa moto uliopoa. Mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi ziwani na kufunika hata sehemu ya njia ya ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama kabla ya kuingia katikati. Watu walivunja mawe hayo, wakayasawazisha, wakajenga nyumba, kuta na njia juu yake. Jiwe la lava limejaa vitundu kwa sababu gesi ilikuwa inatoka wakati linaganda, na likivunjika linabaki na makali. Halilainiki haraka kama kokoto la mtoni. Anayekimbia juu yake anakimbia juu ya msasa.

Naanza na mawe kwa sababu mashauri mengi ya viatu yanayotufikia yaliandikwa kwa watu wanaokimbia bustanini na kwenye lami nyororo. Yanaanza na aina ya mguu, yanaendelea na aina ya sponji, na ardhi yanaitaja mwishoni. Kwa mkimbiaji wa Goma anayejiandaa kushindana, mpangilio huo ugeuzwe. Jua kwanza unakanyaga nini. Kiatu ni daraja kati ya mguu wako na ardhi yako, na hakuna fundi wa daraja anayejenga kabla ya kwenda kuona mto.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata franga moja, chukua daftari na wiki moja. Kila ukirudi mazoezini andika dakika ngapi ulikuwa kwenye lami, ngapi kwenye makoro, ngapi kwenye udongo. Utashangaa. Wapo wanaoamini wanakimbia lami kila siku kwa kuwa mazoezi yao makubwa yako barabara ya Sake, kumbe kutoka nyumbani hadi kuifikia lami na kurudi wanatumia nusu saa juu ya mawe, mara tano kwa wiki. Ile nusu saa ndiyo inayoua kiatu, na ndiyo inayovunja vifundo vya miguu.

Neno moja la usalama hapa. Baada ya mapigano ya Januari 2025 hapa mjini na yale yaliyoyatangulia huku Sake na Kibumba, usikate njia porini au shambani kutafuta udongo laini, hata kama magoti yanauma. Mabomu yasiyolipuka hayachagui mtu. Kaa kwenye njia inayopitwa na watu kila siku, hata kama ni ya mawe, na acha kiatu kifanye kazi ya kulainisha.

Jozi mbili, kazi mbili

Ukiona daftari lako, utaelewa kwa nini nasisitiza jozi mbili. Moja ni ya makoro: raba nene ya chini inayofunika sponji yote, pua iliyokingwa, sponji isiyo ya kunesa sana, na kimo cha wastani ili mguu usiyumbe ukikanyaga jiwe linaloviringika. Nyingine ni ya lami: nyepesi, laini zaidi, ambayo haijui jiwe. Ukitoka nyumbani kwa jozi ya makoro, beba ya lami mgongoni na ubadilishe pale lami inapoanza. Niliona vijana wakifanya hivyo pembeni mwa barabara, wamekaa juu ya tairi, jozi ya kwanza wanamwachia mama muuza maandazi awashikie. Sikuelewa sababu yake hadi nilipohesabu: jozi zao mbili zilidumu kuliko jozi zangu tatu.

Kuna faida nyingine pia. Watafiti wa Luxembourg walifuatilia wakimbiaji 264 kwa wiki 22, na waliokuwa wakibadilisha viatu tofauti walikuwa na hatari ya kuumia iliyo chini kwa asilimia 39 kuliko waliotegemea jozi moja. Maelezo yanayoeleweka ni kwamba kila kiatu hubebesha mzigo sehemu tofauti kidogo ya mguu, hivyo hakuna mshipa mmoja unaopigwa kila siku mahali palepale.

Anayeshindana ana sababu zaidi, maana shindano lenyewe lina ardhi yake. Mwaka 2016 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipeleka Rio wakimbiaji wawili wa mbio ndefu tunaowahesabu kuwa wetu. Makorobondo Salukombo, aliyezaliwa Kirotshe, mbele ya Sake ukifuata ziwa, kisha akalelewa Cleveland huko Marekani, alikimbia marathoni. Beatrice Kamuchanga alikimbia mita 5,000. Kilomita 42 za barabara na mizunguko 12 na nusu ya uwanja wa tartani ni dunia mbili. Ya kwanza inataka sponji itakayolinda misuli zaidi ya saa mbili. Ya pili inataka kiatu chembamba chenye meno kinachoshika kona. Jiulize unajiandaa kwa ipi kabla ya kumuuliza muuzaji ana nini.

Mguu kwanza kwenye katoni

Mguu hauna ukubwa mmoja siku nzima. Asubuhi ni mdogo, alasiri umevimba kidogo, na baada ya kilomita 25 umevimba zaidi. Nenda sokoni alasiri, ikiwezekana siku uliyokimbia, ukiwa na soksi zilezile unazoshindania.

Namba nayo inadanganya. 42 ya kampuni moja inaweza kubana pale 42 ya kampuni nyingine inapopwaya. Tazama kibandiko kilicho chini ya ulimi wa kiatu, utakuta namba kadhaa, na moja kati yake mara nyingi ni ya sentimita. Hiyo ndiyo ya kuanzia. Nyumbani simama na kisigino ukutani, mtu mwingine akuwekee alama mbele ya kidole kirefu zaidi (si lazima kiwe gumba), pima miguu yote miwili, na uchukue ule mrefu. Kiatu cha mbio ndefu kiuzidi kwa karibu sentimita 1. Ukivaa na kusimama, upana wa kidole gumba cha mkono ukae kati ya kidole chako na pua ya kiatu.

Watu wengi wanaishia kwenye urefu na kusahau upana, na hapa nina mbinu ambayo haijawahi kuniangusha. Simama juu ya kipande cha katoni, chora mguu wako kwa kalamu iliyosimama wima, kisha ukikate. Nenda nacho sokoni. Ukipenda kiatu, chomoa semele na uweke katoni yako juu yake. Katoni ikitokeza upande wa kidole kidogo, kiatu hicho si chako, hata kiwe kizuri kiasi gani, hata muuzaji akuapie kwamba kitapanuka. Kitambaa kitapanuka. Semele haitapanuka, na mguu wako utakuwa unaning'inia nje ya msingi wake kilomita baada ya kilomita.

Kisigino kinataka kukaa bila kupanda na kushuka. Kikicheza, usikimbilie namba ndogo. Pitisha kamba kwenye lile tundu la mwisho ambalo wengi huliacha wazi, tengeneza kitanzi kila upande, vuka kamba ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto na ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia, kisha vuta kwenda chini kabla ya kufunga. Mguu unashikwa nyuma, vidole vinabaki huru mbele. Ijaribu ukishuka kutoka upande wa Kibumba kuja mjini. Kama vidole vinagonga pua ya kiatu kwenye mteremko ule, kucha zitakuwa nyeusi kabla ya wiki kuisha.

Kiatu kilichokwisha kuwa na mwenyewe

Sasa nifike pale ambapo wengi wetu tunanunua kweli. Viatu vipya vya mbio, vya kampuni zinazojulikana, ni vichache mjini na bei yake ni ya mshahara. Tunaenda Birere, tunaenda soko la Virunga, tunasubiri balo la mitumba lifunguliwe asubuhi. Sioni aibu yoyote hapo. Kuna viatu vizuri sana ndani ya balo, vingine vilikimbia mara mbili huko Bulaya kisha mwenyewe akaacha mbio. Lakini kiatu cha mtumba kina historia, na historia hiyo imeandikwa ndani ya sponji kwa uzito wa mtu usiyemjua. Kazi yako ni kuisoma.

Weka viatu vyote viwili juu ya kitu kilichonyooka, meza au ubao, na uchutame uvitazame kwa nyuma, macho yako yawe usawa wa kisigino. Je, kimoja kimelalia ndani? Je, vimeelekea upande mmoja kama watu wanaosukumwa na upepo? Kiatu kilicholala ndani kitaulaza mguu wako ndani, na goti litalipa. Kisha vigeuze. Kuisha kidogo nje ya kisigino ni kawaida ya watu wengi. Kuisha sana upande wa ndani wa mbele, au kiatu cha kulia kuisha tofauti na cha kushoto, ni alama kwamba mwenyewe alikuwa anachechemea au alikuwa na mguu wake wa namna yake. Viache.

Linganisha namba za viatu viwili. Katika balo viatu huchanganyika, na mara kadhaa nimekuta 42 ya kulia imefungwa kamba na 42 na nusu ya kushoto. Namba ya mtindo kwenye kibandiko cha kulia na cha kushoto iwe moja.

Kisha sponji. Siku moja Birere muuzaji aliniita, "Yaya, njoo uone, hii ni orijino ya Bulaya." Kilikuwa kizuri kweli. Kimesuguliwa kwa mswaki na sabuni, kamba mpya, ukingo wa sponji umepakwa rangi nyeupe. Nilibonyeza kidole gumba kwenye ukingo ule, chini ya kisigino, nikahesabu hadi tatu, nikaachia. Alama ya kidole ilibaki. Nikabonyeza tena mbele, ikabaki. Nikakiinamisha kuelekea mwanga, na chini ya ile rangi nyeupe nikaona mistari mirefu ya mikunjo imelala kama makunyanzi ya paji la uso. Sponji nzima hurudi mara unapoachia. Ile ilikuwa imekufa, imebeba mtu kilomita zake zote na haikuwa na kilomita za kunipa. Nilimshukuru, nikakirudisha taratibu. Akapunguza bei, kisha akapunguza tena. Bei haikuwa na la kufanya kwa sponji ile.

Kunja kiatu kwa mikono miwili, pua ikija juu. Kikunjike pale mbele, mguu unapojikunja. Kikikunjika katikati, chini ya unyayo, kimevunjika mgongo. Kipindishe kama unayekamua nguo. Kigeuke kidogo na kirudi. Finya kikombe cha kisigino kwa vidole viwili, kisibonyee kama karatasi. Ingiza mkono ndani na upapase nyuma, pale kitambaa kinapogusa kano ya kisigino. Tundu hapo, hata dogo kama punje ya mtama, ni kidonda siku ya kilomita 30.

Gundi ndiyo iliyonifundisha kwa uchungu. Mwaka mmoja nilishindana na kiatu nilichonunua siku nane kabla, chepesi, kilichonikaa vizuri. Karibu kilomita ya 14 nilianza kusikia mlio, pa, pa, pa, kama mtu ananifuata kwa ndala. Raba ya mbele ilikuwa imeachia. Nilimaliza nikiinua mguu wa kushoto kama jogoo, na shavu la mguu lilinichukua wiki tano kupona. Nilipokitazama nyumbani niliona kilichokuwepo tangu siku ya kwanza: mstari wa gundi mpya inayong'aa, tofauti na gundi ya kiwandani ambayo huwa kavu na haina kung'aa. Sasa hupitisha ukucha kwenye mshono wote kati ya raba na sponji, hasa puani na chini ya unyayo, na hunusa. Harufu kali ya gundi ni habari kwamba fundi alipita hapo juzi. Fundi mzuri si tatizo, lakini lazima ujue kwamba alipita.

Tafuta pia tarehe. Kampuni nyingi huandika mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwenye kibandiko cha ndani. Sponji huzeeka hata ikikaa kabatini. Huwa ngumu, na baadhi ya aina humeguka kama mkate mkavu. Kiatu cha miaka saba kisichowahi kuvaliwa hakihesabiki kuwa kipya.

Na mwisho, uzito. Karibu na kila muuza viatu kuna mama mwenye mizani ya maharagwe. Mwombe kwa heshima akupimie. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezeka kwenye kila kiatu humgharimu mkimbiaji karibu asilimia 1 ya nguvu zake. Kwa mtu wa marathoni ya saa mbili na nusu, asilimia hiyo ni kitu cha kufikiria. Lakini usiuze ulinzi wote kwa ajili ya gramu, hasa kwa jozi ya makoro.

Kupima kwa mbio, wala si kwa hisia ya dukani

Kiatu kilichopita mikononi mwako bado hakijapita miguuni. Kivae nyumbani jioni moja. Siku inayofuata kimbia dakika 20 polepole kwenye lami karibu na nyumbani, mahali ambapo unaweza kurudi kwa miguu. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, aliyechunguza viatu kwa miongo mingi, alifikia wazo kwamba starehe ya mguu wenyewe ndiyo kichujio bora cha kuchagua, kuliko kuwagawa watu kwa aina za nyayo. Namwamini, kwa sharti moja: starehe uipime ukiwa umechoka. Kiatu kinachopendeza dakika ya tano na kulaumiwa dakika ya sabini ni kiatu cha kutembelea.

Ukiwa na jozi mbili na hujui ipi ya kushindania, fanya hivi. Tafuta kilomita 1 ya lami iliyonyooka, alfajiri, kabla ya pikipiki na chukudu kujaa. Pasha mwili dakika 15. Rafiki ashike saa, wewe usiitazame. Kimbia kilomita ya kwanza na jozi ya kwanza kwa nguvu utakazotumia siku ya shindano, pumzika dakika tatu huku ukibadilisha, kimbia ya pili na jozi ya pili, pumzika, rudia na jozi hiyo hiyo ya pili, pumzika, maliza na ya kwanza. Yaani moja, mbili, mbili, moja. Mpangilio huu una sababu: kilomita ya kwanza mwili bado mzito, ya mwisho umechoka, na kwa namna hii jozi zote mbili hugawana mazuri na mabaya kwa haki. Jumlisha muda wa kila jozi. Tofauti ya sekunde moja au mbili ni upepo tu. Ikifika sekunde sita, rudia baada ya siku nne. Ikijirudia, umepata jibu ambalo hakuna tangazo lingeweza kukupa.

Kisha mpe mshindi kazi ya kweli, mbio mbili au tatu ndefu zenye kilomita 12 hadi 16 za mwendo wa shindano ndani yake, na moja kati ya hizo iwe siku ya mvua. Kuanzia Septemba mvua haitukosi. Isiponyesha, mwagia maji viatu vikiwa miguuni. Kiatu kikishika maji kinaongezeka uzito, semele inateleza, soksi inajikunja. Ni bora uyajue hayo hapa mtaani Himbi kuliko kuyajulia kwenye mstari wa mbele.

Semele hasa usiidharau. Tarehe 27 Septemba 2015, kwenye marathoni ya Berlin, Eliud Kipchoge alikimbia semele zote mbili zikiwa zimetoka nyuma na kupepea nje ya viatu. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4, mguu ukiwa na malengelenge na damu. Yule ni Kipchoge. Wewe na mimi tungesimama. Vuta semele kwa vidole viwili. Ikitoka bila kung'ang'ania, ibandike chini kwa tone la gundi mbele na nyuma, iache usiku mzima, kisha ijaribu ikiwa imelowa.

Kila ukirudi kutoka mbio ya majaribio, vua soksi na uangalie ngozi kabla ya kuoga. Wekundu ni lengelenge la kesho. Pakumbuke mahali pake, uguse ndani ya kiatu palepale, na utakuta mshono. Wakati mwingine wembe na mkono mtulivu huondoa uzi uliotokeza. Maumivu kwenye muundi au kwenye kano ya kisigino yanayorudi siku tatu mfululizo ni jambo jingine. Huenda mteremko wa kiatu, tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele, ni mdogo kuliko uliouzoea na kano imelazimika kuvutika. Rudi kwenye kiatu cha zamani, ingiza kipya kidogo kidogo, mara moja kwa wiki, kisha mbili.

Viatu virefu vyenye bamba

Vijana wananiuliza kila wiki kuhusu viatu vyenye bamba la kaboni. Ni kweli vinasaidia. Majaribio yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2017 kwa wakimbiaji 18 yaliona mfano wa kwanza wa viatu hivyo ukiokoa kwa wastani asilimia 4 ya nguvu, ingawa si kila mmoja alipata sawa. Lakini sponji ile ndefu na laini ilitengenezwa kwa lami. Juu ya makoro inayumba, jiwe linaichana kama embe bivu, na kifundo cha mguu kikigeuka kutoka kimo kile kinageuka vibaya. Ukijaliwa kupata jozi, ibebe mkononi hadi kwenye lami, itumie kwa mbio chache za majaribio na kwa shindano. Kigali, ambako wengi wetu tunatazamia kushindana kwenye marathoni ya amani ya kila mwaka, kuna lami nzuri na milima mingi. Vijaribu kwenye mteremko kabla ya kuvipeleka huko, maana vinajua kwenda mbele kuliko kusimama.

Jua na sheria. Shirikisho la riadha la dunia linaruhusu soli ya barabarani isiyozidi milimita 40, yenye bamba moja tu. Kwa mbio za uwanjani mwisho ni milimita 20 tangu Novemba 2024. Tarehe 12 Septemba 2021, Derara Hurisa wa Ethiopia alivuka mstari wa kwanza kwenye marathoni ya Vienna akiwa na viatu vya milimita 50, tofauti na vile alivyokuwa ameviandikisha. Ushindi ulikwenda kwa Leonard Langat wa Kenya, aliyefika sekunde tatu nyuma yake. Kiatu cha mtumba hakiji na karatasi ya maelezo. Ukishuku kimo chake, soma jina la mtindo kwenye kibandiko na ulitafute kwenye orodha ya shirikisho kabla ya kulipa ada ya shindano.

Kukitunza

Kiatu kilicholowa usikianike kando ya jiko la mbabula. Moto wa makala hulegeza gundi na kukausha sponji, na jua kali la mchana hufanya vivyo hivyo polepole. Chomoa semele, jaza karatasi za magazeti, badilisha karatasi baada ya saa mbili, kiache kivulini penye upepo. Mchanga mweusi uutoe kila siku kwa kukung'uta, maana ukibaki ndani unasaga kitambaa kutoka ndani wakati makoro yanasaga kutoka nje. Usikiloweke kwenye beseni usiku kucha.

Raba ikianza kuachia puani, mpelekee fundi mapema, ikiwa bado ni ufa wa kupitisha karatasi. Mwombe agundishe na kushona pembeni. Lakini ukiona raba imelika hadi sponji inagusa ardhi, usikubali abandike kipande cha tairi chini. Atakupa kiatu kitakachodumu miaka, kizito mbele na kigumu kisichokunjika, na mguu wako utajifunza kukimbia vibaya. Wakati huo kiatu kimemaliza kazi ya mbio na kinaweza kuanza kazi ya kwenda sokoni.

Kwenye lami jozi nyingi huishi kati ya kilomita 500 na 800. Kwa makoro mimi huanza kubonyeza sponji na kutazama raba kila wiki baada ya kilomita 300. Andika kilomita kwenye daftari lile lile la ardhi, kila jozi na ukurasa wake.

Na siku utakapompa mdogo wako jozi yako ya lami, kwa kuwa umepata nyingine na yeye ndiyo kwanza anaanza kukimbia na miguu yenu inalingana, chukua kalamu ya wino usiofutika, fungua ulimi wa kiatu na uandike ndani yake mambo matatu: mwezi ulioanza kukivaa, kilomita ulizokimbia nacho, na mguu uliokuwa unakuuma.